Nilirusha Ova Moja kwa Jina la Wekesa

Kosa ni langu. Msinitafutie kisingizio, maana vyote nimeshavijaribu mwenyewe na hakuna hata kimoja kilichonikaa. Mkitaka kucheka chekeni, ruhusa mnayo. Hata mimi kuna siku nacheka peke yangu, halafu namkumbuka niliyemkosea na kicheko kinanikauka mdomoni.

Ilikuwa mwaka 2014, Dubai. Mimi ni mtu wa Mombasa, Kisauni, na wakati huo nilikuwa nafanya kazi kwenye duka la spea za magari Ras Al Khor. Kazi yangu ilikuwa kufungua magari yaliyogongwa, kutoa milango, taa na giaboksi, kuvifunga vizuri vipelekwe Afrika. Ukinunua mlango wa Toyota miaka ile ukaukuta na alama za vidole vyenye grisi, huenda vilikuwa vyangu.

Jirani na duka letu palikuwa na yadi ya makontena, na getini kwake alikuwa askari wa ulinzi, Mkenya mwenzangu kutoka Bungoma. Anaitwa Wekesa. Wengine karibu wote humu nitawaficha majina, lakini yeye nitamtaja, na sababu mtaijua.

Tulikuwa tukiishi chumba kimoja kwenye kambi ya wafanyakazi Muhaisnah, sisi wawili na Waganda wawili. Yeye alikuwa Mkristo wa kwaya, mimi Muislamu wa kuswali kwa kukumbushwa, na aliyekuwa akinikumbusha ni yeye. "Mombasa, hiyo ni adhana," alikuwa akisema huku amefumba macho kitanda cha chini. Ndivyo alivyoniita, Mombasa, kana kwamba mji mzima ulikuwa umelala juu yake unakoroma.

Sasa sikilizeni habari ya mpira. Ijumaa asubuhi, kwenye uwanja wa mchanga nyuma ya magereji, mafundi wa Kipakistani na Kibangla walikuwa wakicheza kriketi. Mpira wao ulikuwa wa tenisi, umezungushiwa tepu ya mafundi umeme ili upate uzito. Kwa asiyeujua mchezo huu: kuna mtu anarusha, na kuna mwingine ameshika gongo anavilinda vijiti vitatu vilivyosimamishwa nyuma yake. Mrushaji akiviangusha, mwenye gongo anatoka. Mrushaji hurusha mipira sita, ambayo ndiyo ova moja, kisha humpisha mwenzake. Mengine yote ni kusimama juani.

Siku moja mpira uliruka uzio ukaingia kwenye yadi ya Wekesa. Mafundi wakamwomba awarudishie. Alisimama palepale getini akautupa, na mpira ule ukaenda moja kwa moja ukaviangusha vijiti, huku mpigaji amegeuka anakunywa maji. Watu walidhani ni bahati. Ijumaa iliyofuata mpira ukavuka tena, na mimi nadhani safari hii ulivushwa kwa makusudi. Akaviangusha tena.

Akatueleza kwamba kwao alikuwa akifukuza ndege kwenye shamba la mtama kwa mawe, na bibi yake hakuwa na mchezo na ndege. Mzee Gul, fundi wa injini mwenye ndevu zilizopakwa hina, akamchukua amfundishe. Kurusha kwa kriketi kuna masharti yake, mkono lazima uzunguke ukiwa umenyooka, usiukunje kwenye kiwiko. Ilimchukua Wekesa miezi minne kuusahau mkono wa kufukuzia ndege. Baada ya hapo wapigaji wakaanza kumwogopa. Wengine walikuwa wakisikia zamu ni yake wanakumbuka ghafla kwamba wameacha nguo kwenye ndoo.

Na mimi? Mimi nilikuwa nabeba maji. Nasema ukweli, si ndiyo nimekuja kuusema. Kihindi nilichookota madukani Mombasa kilinifanya mkalimani wa Wekesa, na kutoka ukalimani nikajipandisha cheo mwenyewe nikawa meneja wake. Nilijinunulia filimbi nikaivaa shingoni. Hakuna aliyeniomba niipulize, lakini niliivaa kila Ijumaa.

Jambo moja ambalo watu wengi wa nyumbani hawalijui ni hili. Dubai kuna makampuni yenye timu zao za kriketi, na mameneja wana wazimu nazo kiasi kwamba mtu huajiriwa kwa ajili ya mkono wake. Kwenye karatasi wewe ni karani wa stoo, viza wanakupa wao, lakini kazi yako hasa ni kukaa kwenye kiyoyozi ukisubiri Ijumaa. Mchezaji wa mchangani akiitwa kwenye timu ya namna hiyo, akacheza siku yake ya kwanza vizuri, maisha yake yamebadilika. Kule mchangani kila mrushaji alikuwa akiota kuitwa.

Wekesa hakuwa akiota tu, alikuwa anahitaji. Kampuni yake ya ulinzi ilikuwa imenyang'anywa mkataba wa kulinda ile yadi, na walinzi wote walikuwa wameambiwa kwamba mwisho wa mwezi unaofuata viza zinafutwa na wanarudishwa makwao. Nyumbani alikuwa na mke na watoto watatu wanaomtegemea yeye tu. Alikuwa amepeleka barua kila mahali. Nilijua yote hayo, maana barua nyingine nilimsaidia kuziandika mimi mwenyewe.

Basi Jumanne moja, saa sita mchana, nimeinama ndani ya buti ya gari nafungua nyaya za taa, nikasikia mtu nyuma yangu anasoma kwa sauti: "We-ke-sa."

Nisimame hapa kidogo niwaeleze fulana. Jezi zetu za mchangani zilikuwa fulana za kijani, na Wekesa aliandika jina lake mgongoni kwa kalamu ya wino mzito ili isipotee kwenye kamba ya kuanikia. Siku hiyo nguo zangu zilikuwa bado mbichi, nikaivaa ya kwake. Chumbani kwetu kuvaliana nguo halikuwa jambo la kuombana ruhusa.

Niligeuka nikamwona Mpakistani mmoja wa makamo, suti imenyooka, viatu ambavyo ni wazi havijawahi kukanyaga mafuta ya Ras Al Khor. Alisema yeye ni meneja wa kampuni ya mizigo yenye ofisi karibu na bandari ya Al Hamriya, na kwamba Ijumaa iliyopita alikuwa anapita na gari lake akamwona Mwafrika mmoja anaangusha vijiti mara tatu mfululizo. Akasimamisha gari, akauliza, akaambiwa huyo ni Kenya, anaitwa Wekesa, anafanya kazi mitaa hii. Mrushaji wake wa kutegemewa alikuwa ameumia bega. Ijumaa hii kuna mechi ya ligi ya makampuni, kwenye uwanja wa nyasi, na anamtaka huyo mtu. Akifanya vizuri, kuna nafasi ya stoo na viza ya kampuni.

"Wewe ndiye Wekesa?" akaniuliza.

Jamani! Nilichotakiwa kufanya ni kunyoosha kidole. Wekesa alikuwa anaonekana kabisa kutoka pale dukani. Alikuwa amesimama juani na kofia yake ya kazi, anaandika namba ya lori lililokuwa likiingia. Kidole kimoja tu, na mimi leo nisingekuwa na haja ya kuandika haya.

"Ndiyo, sir," nikasema.

Akanitazama kuanzia kichwani hadi tumboni, na tumboni akakaa kidogo. "Ukiwa karibu unaonekana mnene."

"Ni fulana, sir. Imebana baada ya kufuliwa."

Akatikisa kichwa akakubali. Kwao sisi sote tulikuwa Kenya tu, mrefu mweusi mmoja na mrefu mweusi mwingine, na wala simlaumu, maana hata mimi nilikuwa nikiwachanganya mafundi wawili wa Kibangla mwaka mzima. Akaniomba kitambulisho aandikishe jina. Nikamwambia kiko kwa PRO, yule mtu wa ofisi anayeshughulikia viza, kinafanyiwa upya. Dubai hilo ni jibu ambalo hakuna anayelibishia. Kitambulisho cha kila mtu kiko kwa PRO. Akaandika jina la Wekesa kwenye simu yake, akaniambia gari litanichukua Ijumaa saa kumi na mbili na nusu asubuhi mbele ya msikiti, akaondoka.

Mtaniuliza nilikuwa nafikiria nini. Nilikuwa nafikiria kiyoyozi, huo ndio ukweli. Lakini kwenye moyo wangu nililipamba jambo hilo likawa zuri. Sisi wa Ughaibuni tunaishi kwa kuvutana. Mmoja akipata pa kuingilia, anaingia, anatulia, kisha anamvuta mwenzake. Wangapi wamefika Dubai hivyo? Nikajiambia, nikishaingia mimi nitamvuta Wekesa, tena nitamvuta kabla mwezi haujaisha, nitamwambia sir kwamba nina ndugu yangu anarusha kunishinda. Nikaridhika kabisa na huruma yangu. Nilikuwa nimesahau jambo dogo tu, kwamba mlango niliokuwa naingilia ulikuwa wake.

Na kurusha nitarushaje? Hilo nalo halikunisumbua sana. Nilikuwa nimemtazama Wekesa mwaka mzima kwa karibu, nina filimbi, nikaona kazi yenyewe naijua.

Jumatano jioni nikamwambia anifundishe. Yarabi, nilivyomwona alivyofurahi! Alinipeleka kwenye ukumbi mrefu wa kambi kati ya vyumba, akaweka ndoo ya kufulia badala ya vijiti, akanishika mkono wangu akauzungusha polepole. "Nilijua tu siku moja utachoka kubeba maji," akasema. Nikarusha. Mpira uligonga mlango wa Wanepali, wakatoka wanne wakadhani wanaitwa. Nikarusha tena, ukaingia bafuni. Wekesa alicheka mpaka akakaa chini, lakini hakunikatia tamaa. Alhamisi akanifundisha tena mpaka akanipa na viatu vyake vya kuchezea, akisema vyangu vinateleza. Vilikuwa vidogo kwangu kwa namba moja, na nilivipokea bila hata kumtazama usoni.

Nikamwambia Ijumaa sitakuwepo mchangani, namsindikiza jamaa yangu uwanja wa ndege. Akaniambia nimsalimie.

Uwanja ulikuwa wa nyasi kweli, kijani tupu, umezungushiwa kamba nyeupe, na pembeni hema lenye viti, meza ya chai na mtu mwenye kipaza sauti. Nilipewa suruali nyeupe na shati jeupe. Nikajipiga picha nikaituma kwenye grupu la WhatsApp la nyumbani na maneno haya: "Leo naanza rasmi." Mama akajibu akiuliza nimeajiriwa hospitali gani. Sikumjibu, nilijua wakiona nilivyo shujaa wataelewa wenyewe.

Halafu nikapewa mpira. Haukuwa wa tenisi. Ulikuwa wa ngozi, mwekundu, mgumu na mzito kama jiwe la mizani. Wekesa alikuwa ameshawahi kuurusha, Mzee Gul alikuwa nao mmoja wa zamani. Mimi nilikuwa nauona kwa mara ya kwanza. Mwenye kipaza sauti akatangaza kwamba sasa anakuja mrushaji mpya kutoka Kenya, Wekesa, na watu kwenye hema wakapiga makofi. Sir alikuwa ameketi mbele kabisa, mguu juu ya mguu, anawaeleza wenzake jinsi alivyonigundua.

Nikakimbia. Kukimbia nilikimbia vizuri, hilo hata maadui zangu walikiri. Nikazungusha mkono, nikaachia.

Mpira ulipita juu ya mpigaji, ukapita juu ya yule anayedaka nyuma ya vijiti, ukadunda mara moja nje ya kamba ukatua kwenye meza ya chai. Sambusa zikatawanyika. Mwamuzi akanyoosha mikono yote miwili pembeni, ishara ya kwamba mpira huo hauhesabiwi.

Hapa ndipo nilipojifunza sheria ambayo mwaka mzima wa kubeba maji haukunifundisha, kwa sababu Wekesa hakuwahi kunipa nafasi ya kuiona. Mpira mbovu unaurudia. Ova haiishi mpaka umerusha mipira sita mizima. Yaani mtu asiyeweza kurusha ndiye anayerusha zaidi ya wote! Aliyeitunga sheria hiyo hakuwa na huruma.

Wa pili ulichomoka mkononi kabla ya wakati wake ukaenda kwa mwenzetu aliyesimama pembeni, akauruka. Wa tatu ulidunda miguuni pangu mwenyewe ukabingirika kwa aibu hadi katikati ukasimama, na mpigaji akautazama, mimi nikautazama, mwamuzi akautazama. Wa nne ukamgonga mpigaji mbavuni. Wa tano nikakunja kiwiko kwa hasira, mwamuzi akauita makosa. Kila mara mwamuzi aliponyoosha mikono, kipaza sauti kilisema jina. Wekesa. Wekesa tena. Watu wa timu nyingine wakaanza kuliimba. Viatu vilikuwa vinanibana, jua limeshapanda, na nilipouliza imebaki mingapi nikaambiwa yote sita.

Sitaki kuwachosha. Mipira mibovu ilikuwa kumi na moja. Ile mizuri sita, mitano ilipigwa ikavuka kamba, na mmoja mpigaji aliuacha kwa sababu alikuwa anacheka. Nahodha alinijia taratibu, akauchukua mpira mkononi mwangu kama unavyomnyang'anya mtoto kisu, akaniomba nikasimame mbali. Nikasimama mbali. Mpira ukanifuata huko huko, juu, mwepesi wa kudakwa, nikaupokea kwa kifua.

Mechi ilipokwisha, tumeshindwa, sir alinijia na boksi la sambusa zilizobaki. Hakunifokea. Afadhali angenifokea.

"Kenya," akasema, "unakimbia vizuri sana. Nyinyi watu kimbieni tu."

Nikaona hapa ndipo pa kumvuta mwenzangu. Nikamwambia, sir, mimi leo sikuwa sawa, lakini nina ndugu yangu, huyo ndiye mrushaji hasa, mjaribu huyo. Akaniuliza naye anatoka wapi. Nikasema Kenya. Akacheka kwa upole, akanipigapiga begani. "Khalas, ndugu yangu. Basi, khalas."

Nilirudi Muhaisnah nikamkuta Wekesa amekaa kitandani, amefurahi. Siku hiyo kule mchangani alikuwa ametoa wapigaji watano. Akaniuliza jamaa yangu amesafiri salama, nikasema salama. Halafu akaniambia Mzee Gul amemtonya kwamba Jumanne kuna mkubwa mmoja wa timu ya kampuni ya Hamriya alikuwa akimuulizia, na alielekezwa dukani kwetu. Je, alifika?

Hapo nilipewa nafasi ya pili, na nafasi ya pili nayo nikaichoma. Nikamwambia alifika, lakini alikuwa anatafuta giaboksi.

Akafikiri kidogo. "Basi atarudi," akasema. "Mtu hatoki Hamriya aje aniulize jina bure."

Jamani, hiyo "atarudi" ndiyo iliyonimaliza! Kwa Ijumaa tatu zilizofuata nilisimama pembeni na ndoo yangu ya maji nikimtazama Wekesa anamngoja mtu ambaye hatakuja. Kila gari jeupe lililopunguza mwendo barabarani alikuwa akiliona kabla yetu sote. Alikuwa akirudi nyuma hatua nyingi zaidi, anakimbia, anarusha kwa nguvu zake zote, halafu anageuka kuangalia kama gari limesimama. Mara moja moja lilisimama kweli. Dereva alikuwa anatafuta anwani. Mzee Gul alimwambia asijiumize bega, naye akajibu kwamba bega lina muda wa kupumzika Bungoma kama mambo yakiharibika. Zilikuwa zimebaki siku kumi na mbili.

Jumapili baada ya Ijumaa ya tatu nilidanganya dukani kwamba jino linaniuma, nikaenda mpaka ofisini kwa sir. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, kuanzia fulana. Alinisikiliza bila kunikatiza. Halafu akamwita karani wake aje asikie, nikalazimika kuyasema tena mwanzo hadi mwisho, na safari hii walicheka wote wawili, karani mpaka akavua miwani. Nikacheka na mimi kidogo, nikidhani kicheko ni dalili nzuri.

Akafuta macho, akaniambia nafasi ya stoo imeshachukuliwa na mrushaji kutoka Peshawar. Nikamwambia hata kama si stoo, hata kufagia, mpe viza tu, mtazame Ijumaa moja, hutajuta. Hapo akaacha kucheka.

"Nakuamini," akasema. "Mtu hawezi kutunga aibu kama hiyo. Lakini fikiria na mimi. Niende kwa wachezaji wangu, niende kwa mkurugenzi, niwaambie nawaletea mrushaji hodari anaitwa Wekesa wa Kenya? Wekesa wanamjua. Limeshaandikwa kwenye kitabu cha ligi."

 Nilikuwa nimedhani nimemwibia mwenzangu siku moja. Kumbe nilikuwa nimempeleka mbele za watu akiwa hayupo, nikamwangusha, nikamwacha hukohuko.

Jioni hiyo nilimkuta chumbani anakunja sare zake za kazi azirudishe kwa kampuni. Nikakaa chini sakafuni nikamwambia. Fulana, kitambulisho, viatu, uwanja wa ndege, giaboksi, na nilichoambiwa Hamriya. Waganda wawili waliokuwa wakipika chai walizima jiko wakatoka nje bila kuambiwa.

Wekesa aliiweka sare kitandani. Halafu akauliza, "Ni mpira ule wa ngozi?"

Nikasema ndiyo.

"Na ulikuwa hujawahi kuushika."

"Sikuwahi."

"Mibovu mingapi?"

Nikamwambia kumi na moja. Akaanza kutetemeka mabega, nikadhani analia, kumbe anacheka. Akataka nimweleze ule wa sambusa. Nikamweleza. Akataka na ule uliosimama katikati ukatazamwa na mwamuzi. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, na mimi mjinga nikaanza kupumua, nikasema moyoni huyu mtu ana roho ya dhahabu, amenisamehe. Ghafla akainuka. Akaichukua ile fulana ya kijani kwenye kamba, akaitandaza mapajani, akalitazama jina lake.

"Na yote hayo wakiniita mimi?" akauliza.

 Akaikunja fulana akaiweka kwenye begi, chini kabisa, akaendelea na sare zake.

Aliondoka siku yake ilipofika. Mafundi wote walikuja kumuaga kambini, na Mzee Gul, ambaye alikuwa ameshajua, aliniambia kwa adabu kabisa kwamba kuanzia Ijumaa ijayo maji watabeba wenyewe. Sikukanyaga tena mchangani. Nilibaki Dubai miaka mitatu zaidi, Ijumaa zangu nikizilala, na hakuna tena aliyeniambia hiyo ni adhana. Filimbi niliitupa.

Wekesa yuko Bungoma mpaka leo. Miaka miwili ya kwanza hakushika simu yangu. Siku hizi anashika, na hata hunitania. Ana kazi ya ulinzi kwenye shule, mmoja wa watoto wake alikatiza masomo mwaka ule aliorudi, na hilo hajawahi kunitajia yeye, nilisikia kwa watu. Mwezi uliopita nilimpigia, nikajikaza nikamwomba msamaha wazi, kwa mara ya kwanza bila mzaha. Akaniambia hivi:

"Kazi nilishakusamehea, Mombasa. Huenda ningeipata nikaikosa kwa njia nyingine. Lakini kuna watu huko nje, mpaka leo, wakikaa kwenye chai yao wananicheka, wanadhani ile ova ni mimi niliirusha. Hiyo ndiyo inaniamsha. Nenda ukawaambie."

Ndugu zangu mlioko Ughaibuni, nimekuja kuwaambia. Mtu akija kumtafuta mwenzenu, nyoosheni kidole. Usijiambie utaingia kwanza wewe halafu umvute, kwa sababu ukianguka, mnaanguka wawili, na yeye hakuwepo hata kujitetea.

Na wewe, kama ulikuwa kwenye hema lile asubuhi ile, kama sambusa yako ilimwagwa, kama uliimba jina lile ukapiga makofi, nakuomba usikie vizuri. Yule hakuwa Wekesa. Wekesa alikuwa Ras Al Khor wakati uleule, kwenye mchanga, anawatoa watu watano. Yule mnene mwenye viatu vya kubana alikuwa mimi, na hata leo, baada ya kuyasema yote haya, naona aibu kuliandika jina langu hapa chini.